Jina na Kinachotajwa: Namna Marubani Wanavyochagua Vituo vya Redio Kupitia Tarakilishi ya Safari

Utangulizi

Kila aliyewahi kumiliki redio ya betri anaijua kazi ya kutafuta kituo. Msikilizaji huzungusha kidude cha pembeni, sindano ikasogea polepole juu ya namba, sauti ikaja na mikwaruzo kisha ikasafika. Sikio ndilo linaloamua. Ikiwa sindano imeangukia kituo kisichokusudiwa, msikilizaji hutambua papo hapo, kwa kuwa mtangazaji anazungumza lugha nyingine au anaitaja idhaa nyingine.

Kwa miongo kadhaa rubani wa ndege alifanya kazi iyo hiyo. Mbele yake palikuwa na vidude vya kuzungusha vya kila redio. Alisoma namba ya kituo kwenye ramani, akaizungushia redio, kisha akaongeza sauti na kusikiliza alama za Morse ambazo kituo huzirudia bila kuchoka ili kujitambulisha. Mafunzo yake yalimkataza kukiamini kituo kabla hakijajitaja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndege kubwa zilipoanza kufungwa tarakilishi ya kusimamia safari, mtambo unaofahamika baina ya marubani kwa herufi FMS, sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia kwenye kibodi. Rubani huandika namba au herufi, mtambo ukamtafutia kituo.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi uchaguzi huo unavyofanyika na kuonyesha kilichobadilika pale mkono ulipoacha kidude na kushika kibodi. Yamkini msomaji atajiuliza mada ya urubani inatafuta nini katika kurasa za wapenzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba kazi iliyokuwa ya sikio imekuwa kazi ya kutaja, na palipo na kutaja hapakosi utata. Wanafunzi wa semantiki hukutana na utata katika maneno kama *kaa*, *paa* na *tata*, wakaucheka, wakaufanyia mtihani. Katika bonde la mto Cauca nchini Kolombia, mwezi wa Desemba 1995, utata wa herufi moja ulikuwa miongoni mwa sababu za vifo vya watu 159.

Redio Zenyewe

Redio za ndege ni za koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa mawasiliano. Hizi ndizo rubani anazozitumia kuzungumza na waongozaji walio ardhini, na masafa yake huanzia megahezi 118 hadi karibu 137. Ndege ya abiria huwa na zaidi ya redio moja ya namna hii. Aghalabu ya pili huachwa ikisikiliza 121.5, ambayo ni masafa ya dharura kote duniani. Kila redio huonyesha namba mbili kwa pamoja, moja ya masafa yanayotumika na nyingine ya masafa ya akiba. Mwongozaji anapomwambia rubani ahamie kwa mwenzake wa eneo linalofuata, rubani huandika namba mpya upande wa akiba, akaithibitisha kwa macho, kisha hubonyeza mara moja namba hizo zikabadilishana nafasi. Akigundua kuwa amekosea, ile ya awali ingalipo, na anaweza kurudi alikotoka kuuliza.

Ukoo wa pili ni wa redio za kuongoza njia. Hizi hazitumiki kuzungumza na mtu. Kuna kituo aina ya VOR, kilicho baina ya megahezi 108 na 118, ambacho humjulisha rubani yuko upande gani wa kituo hicho kwa kipimo cha nyuzi 360. Kuna DME, ambacho hupima umbali. Kuna ILS, ambacho humshika rubani mkono hadi kwenye njia ya kutua wakati mawingu yamefunika kila kitu. Na kuna kituo cha kale kuliko vyote hivi, NDB, ambacho hutoa mawimbi yake pande zote bila ubaguzi; sindano iliyo ndani ya ndege huelekea kilipo, basi. Kitu cha kukumbuka ni kuwa kila kituo kina majina matatu: jina refu, ambalo mara nyingi ni la mji au kijiji kilicho karibu, jina fupi la herufi moja, mbili au tatu, ambalo ndilo linalopigwa kwa Morse, na namba ya masafa.

Hapa panafaa kusimama kidogo, maana Kiswahili chenyewe kinamtega mfafanuzi. Neno *masafa* hutumika kwa maana ya umbali, na neno lilo hilo hutumika redioni kwa maana ya namba ya mawimbi. Anayetaka kueleza kituo cha DME kwa Kiswahili atajikuta akisema kuwa rubani huweka masafa ili apate masafa. Katika makala haya, *masafa* ni namba ya mawimbi pekee, na ile maana ya pili imeachiwa neno *umbali*. Huo ni uamuzi wa mwandishi yeyote anayekutana na istilahi yenye maana mbili: achague, aseme amechagua, kisha asibadilike. Itaonekana mbele kwamba ndege ya Cali ilikosa uamuzi wa namna hiyo baina ya waliochora ramani na waliojaza tarakilishi.

Si istilahi za Kiswahili pekee zenye mtego. Barani Ulaya, msongamano wa redio za mawasiliano ulifanya nafasi iliyoachwa kati ya mkondo mmoja na mwingine ipunguzwe kuanzia mwaka 1999 katika anga ya juu, kutoka kilohezi 25 hadi 8.33. Kwa kuwa mikondo mipya ilihitaji kutofautishwa na ya zamani, ilipewa namba ambazo si masafa halisi. Rubani anayeandika 118.005 redio yake haiendi kwenye megahezi 118.005. Inakwenda kwenye 118.000, ila kwa nafasi finyu. Akiandika 118.000, inakwenda mahali palepale kwa nafasi pana. Namba imeacha kuwa kipimo, ikawa jina. De Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916, angefurahi kuuona mfano huu wa kiashiria kisicho na uhusiano wa lazima na kiashiriwa chake.

Kutoka Kidude hadi Kibodi

Katikati ya viti vya marubani wawili, karibu na magoti yao, kuna viwambo vidogo vyenye vibonye vya herufi na tarakimu chini yake. Pembeni mwa kiwambo, kushoto na kulia, pamepangwa vibonye vingine visivyo na maandishi, kila kimoja kikitazamana na mstari mmoja wa maandishi. Rubani akichapa kitu, hakiendi popote kwanza. Hukaa kwenye mstari wa chini kabisa, mfano wa karatasi ya rasimu. Anapobonyeza kibonye kinachotazamana na mstari wa redio fulani, rasimu huruka hadi mstari huo na kuwa amri.

Mtambo huikagua rasimu kabla ya kuipokea, lakini ukaguzi wake ni wa sarufi tu. Rubani akiandika 140.5 kwenye mstari wa redio ya VOR, ataambiwa kuwa maandishi hayo hayakubaliki, kwa kuwa hakuna VOR yenye namba hiyo. Akiandika 113.1 ilhali alikusudia 113.7, mtambo utapokea bila swali. Chomsky alikwisha kuonyesha mwaka 1957 kwamba sentensi inaweza kutimiza kanuni zote za sarufi na bado isiwe na maana. Mtambo wa ndege ni msomaji mwenye sarufi kamili asiyejua msemaji alitaka kusema nini.

Si lazima rubani aandike namba. Katika mitambo mingi anaweza kuandika jina fupi la kituo, na tarakilishi ikatafuta masafa yake katika hifadhidata inayobebwa ndani ya ndege na kufanywa upya kila baada ya siku 28. Huu ndio urahisi uliowafurahisha wengi. Hakuna tena haja ya kukariri namba wala kupekua ramani gizani.

Kuna hatua ya tatu, nayo ni ya mtambo kujichagulia. Ili kuthibitisha mahali ndege ilipo, tarakilishi hutafuta vituo viwili vya DME vilivyokaa kwa pembe inayofaa, ikasoma umbali wa kila kimoja, ikachora makutano. Baada ya muda huviacha na kutafuta vingine. Marubani hawahusiki, na mara nyingi hawajui ni vituo gani vinavyosikilizwa. Katika Boeing 747-400 na 777, ukurasa wa redio za njia huweka herufi moja ndogo pembeni mwa masafa ya VOR ili kuonyesha aliyeyachagua. M ni rubani mwenyewe. A ni tarakilishi ikijithibitishia mahali ilipo. P ni tarakilishi ikifuata utaratibu wa kutua au kuondoka, na R ni tarakilishi ikifuata njia iliyopangwa. Mwanaisimu angeviita viambishi vya nafsi: kitenzi ni kimoja, kuchagua, na herufi inamtaja mtenda. Ni herufi ndogo sana kwa habari kubwa kiasi hicho.

Mgawanyo wa kazi hutofautiana kutoka ndege hadi ndege. Katika Airbus A320, redio za mawasiliano zina kibao chake cha kando, na zile za njia zina ukurasa ndani ya tarakilishi. Katika ndege nyingi ndogo za jeti zinazobeba watu wachache, redio zote, za mawasiliano na za njia, huchaguliwa kupitia kibodi ya FMS. Boeing 757 iliyotumika Cali ilikuwa katikati: tarakilishi ilijichagulia vituo vya kuthibitisha mahali, lakini redio za VOR zilibaki na visanduku vyake ambavyo rubani angeweza kuvishika mwenyewe akitaka.

Herufi R

Tarehe 20 Desemba 1995, ndege ya American Airlines, safari namba 965, iliondoka Miami kuelekea Cali ikiwa imechelewa takriban saa mbili. Ilibeba watu 163. Wengi walikuwa wakienda nyumbani kwa Krismasi. Rubani mkuu alikuwa amewahi kutua Cali mara kadhaa. Msaidizi wake, ambaye ndiye aliyekuwa akiiendesha ndege usiku huo, hakuwahi.

Uwanja wa Cali umo katika bonde refu linalotoka kaskazini kwenda kusini, na milima imelikumbatia pande zote mbili. Ndege itokayo kaskazini hupita kwanza juu ya kituo cha VOR cha Tulua, ambacho jina lake fupi ni ULQ, ikafuata bonde, ikafikia kituo cha NDB cha Rozo kilicho karibu na uwanja. Kwa kawaida ndege zilipita uwanja, zikazunguka, zikatua zikielekea kaskazini. Usiku ule upepo ulikuwa umetulia, na mwongozaji aliwauliza marubani kama wangependa kutua moja kwa moja wakitokea kaskazini. Walikubali. Wangeokoa dakika chache, ila sasa walikuwa juu mno na karibu mno. Wakainua vizuizi vya mwendo vilivyo juu ya mabawa ili washuke haraka, na wakaanza kutafuta ramani ya njia mpya.

Kabla ya hapo kosa la kwanza la kutaja lilikuwa limekwisha kutokea. Mwongozaji aliwaruhusu kwenda hadi VOR ya Cali na akawataka wamjulishe watakapopita Tulua. Katika lugha ya waongozaji, ruhusa hiyo ilikuwa ya kufuata njia iliyopangwa hadi mwisho wake. Rubani mkuu aliielewa kuwa ruhusa ya kwenda Cali moja kwa moja. Aliirudia hivyo, na mwongozaji akaafiki. Rubani alipoiandikia tarakilishi iende Cali moja kwa moja, tarakilishi ilitii kwa ukamilifu: ikafuta kwenye kiwambo vituo vyote vilivyokuwa katikati, Tulua kikiwamo. Marubani waliombwa wataje mahali ambapo kiwambo chao hakikupaonyesha tena, na walipokuwa wakipatafuta, walikuwa wamekwisha kupapita.

Ndipo walipoamua kwenda Rozo. Kwenye ramani ya karatasi, jina fupi la Rozo lilikuwa herufi R. Rubani mkuu aliandika R, na tarakilishi ikamletea orodha ya vituo vyenye jina hilo, kama inavyofanya kila jina linapogongana. Katika orodha kama hiyo, kituo kilicho karibu zaidi na ndege hutangulia. Rozo ndicho kilichokuwa karibu zaidi, kwa hivyo rubani alikuwa na kila sababu ya kuamini kuwa kilichotangulia ni Rozo. Alikichagua.

Kilichotangulia kilikuwa kituo kiitwacho Romeo, karibu na mji mkuu wa Bogotá, zaidi ya kilomita 200 upande wa kaskazini-mashariki. Rozo hakikuwamo katika orodha kabisa. Kwa kuwa vituo viwili vya nchi moja vilikuwa na jina fupi moja, kanuni za kujaza hifadhidata ziliruhusu kimoja tu kihifadhiwe kwa herufi R. Heshima hiyo ilipewa Romeo. Rozo kiliwekwa kwa jina lake refu, R-O-Z-O, na asiyeandika herufi zote nne asingekipata. Ramani na hifadhidata zilitayarishwa na kampuni moja.

Kuna kinaya ambacho msomaji wa fasihi hawezi kukipita kimya. Marubani hutaja herufi kwa maneno ili zisichanganywe redioni, na katika alfabeti yao, inayotumika tangu mwaka 1956, jina la herufi R ni Romeo. Aliyeuliza R aliletewa Romeo. Shakespeare alimpa jina hilo kijana ambaye maafa yake yote yalitokana na jina la ukoo.

Ndege iligeuka kushoto kuelekea mashariki, gizani, ikiendelea kushuka. Ilikwenda hivyo kwa kiasi cha dakika moja kabla marubani hawajang'amua kuwa hawaelewi walipo. Walitaja tena herufi za Tulua. Kisha waligeuza kulia kurudi bondeni, lakini sasa mlima ulikuwa kati yao na uwanja. King'ora cha kuonya ukaribu wa ardhi kililia. Waliongeza nguvu za injini hadi mwisho na kuinua pua ya ndege. Vizuizi vya mabawa, walivyoviinua dakika chache awali, walivisahau vikiwa vimesimama. Ndege iligonga mlima karibu na mji wa Buga kiasi cha saa tatu na dakika arobaini usiku. Walionusurika ni abiria wanne.

Wachunguzi wa Kolombia waliweka lawama kuu juu ya marubani, na mojawapo ya sababu walizozitaja ni kutorejea kwenye redio za kawaida pale tarakilishi ilipowachanganya. Hata hivyo, miongoni mwa mambo yaliyochangia waliandika kuwa tarakilishi ilitumia kanuni ya majina iliyo tofauti na ile ya ramani. Mwaka 2000 baraza la waamuzi katika mahakama moja ya Miami liligawa lawama kwa namna yake: asilimia 75 kwa shirika la ndege, 17 kwa Jeppesen iliyotayarisha ramani na hifadhidata, na 8 kwa Honeywell iliyounda tarakilishi. Mtu anaweza kubishana na mgawanyo huo. Lisilobishaniwa ni kwamba mahakama ilikubali kupima, kwa asilimia, hatia iliyotokana na kukiita kitu kimoja kwa majina mawili.

Inafaa kutambua kuwa kosa hilo lisingeweza kutokea kwa njia iyo hiyo mbele ya kidude cha kuzungusha. Redio haisikii kituo kilicho mbali kupita nguvu zake, wala kile ambacho mlima umekikinga. Sindano ya NDB ingetikisika au kuzubaa, na rubani angeiona inazubaa. Jina lililo katika hifadhidata halina umbali. Romeo na Rozo zilikuwa sawasawa ndani ya tarakilishi, kama vile *kaa* la moto na *kaa* la baharini yanavyokaa jirani katika kamusi. Kinachoyatenganisha ni muktadha, na muktadha ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja aliyekuwa na shughuli nyingi.

Mwongozaji Aliyekosa Maneno

Kuna mtu mwingine katika kisa hiki ambaye wapenzi wa lugha wangemtazama kwa makini zaidi kuliko wahandisi walivyofanya. Ni mwongozaji wa Cali. Hakuwa na rada. Mitambo ya rada iliyohudumia eneo hilo iliharibiwa na waasi mwaka 1992. Aliijua ndege kupitia maneno ya marubani pekee. Marubani walipomwomba ruhusa ya kwenda Rozo na kufuata njia ya kuanzia Tulua, alihisi kuwa ombi hilo haliingii akilini, kwa sababu ndege iliyoko pale walipodai kuwa haingeweza kufanya yote mawili.

Hakusema. Aliwaeleza wachunguzi baadaye kwamba lau marubani wangekuwa wasemaji wa Kihispania angewaambia kuwa ombi lao halina mantiki, na angewauliza zaidi. Kiingereza chake kilitosha kwa fomula za kazi: kushuka, kugeuka, kutua, upepo. Hakikutosha kueleza shaka. Alirudia kuwataka wamjulishe watakapopita Tulua, na hilo ndilo swali pekee alilokuwa na maneno yake.

Wanaofundisha Kiswahili kama lugha ya pili wanamjua mtu huyu. Ni mwanafunzi anayeagiza chakula bila kosa, anayesalimia kwa adabu zote, lakini hawezi kusema, "Samahani, nadhani hatujaelewana." Msamiati wa kawaida hupatikana mapema, lugha ya kusita, ya kuuliza tena, ya kumpinga aliye juu yako bila kumvunjia heshima, huja mwisho, na kwa wengine haiji kamwe. Mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipitisha masharti mapya ya umilisi wa lugha kwa marubani na waongozaji, yaliyoanza kutumika mwaka 2008. Kiwango cha chini kinachoruhusiwa, yaani cha nne kati ya sita, kinadai kuwa mtu aweze kukabiliana na hali asiyoitarajia na kuondoa kutoelewana kwa kuuliza na kuhakikisha. Kujua fomula peke yake hakutoshi tena.

Majina ya Herufi Tano

Shirika hilohilo lina kanuni kuhusu majina ya vituo. Jina fupi la kituo halifai kurudiwa ndani ya kilomita 1,100 kutoka kituo kilicho nalo. Umbali kati ya R ya Cali na R ya Bogotá haukufika robo ya kiwango hicho. Ni kanuni nzuri, lakini ilitungwa kwa mantiki ya mawimbi: vituo vilivyo mbali kiasi hicho havitasikika pamoja. Tarakilishi inayobeba majina ya dunia nzima haijui kusikika. Kwa hivyo orodha ya majina yanayogongana ingali ikijitokeza kwenye viwambo, na marubani hufunzwa kuisoma hadi mwisho, kulinganisha masafa na latitudo na longitudo za kila kituo, kisha kumwonyesha mwenzake alichochagua kabla ya kukitekeleza. Baadhi ya viwambo husoma alama za Morse zinazopokewa na kuziandika kwa herufi pembeni mwa masafa. Penye herufi, kituo kimejitaja chenyewe. Penye namba tupu, mtambo umetaja na kituo hakijaitika.

Kwa mahali pasipo na kituo cha redio, yaani nukta zilizochorwa angani tu, njia nyingine imefuatwa. Kila nukta hupewa jina la herufi tano linalotakiwa kuwa la pekee duniani na kutamkika kama neno, ili liweze kusemwa redioni bila kutajwa herufi moja moja. Majina hayo huombwa na kuhifadhiwa kupitia mfumo mmoja wa kimataifa, asije mtu akalitumia lililokwisha kuchukuliwa. Walio wengi hujikuta wakiunda maneno yasiyo ya lugha yoyote, maana lugha nyingi hurundika konsonanti mahali ambapo msemaji wa lugha nyingine hujikwaa. Kiswahili, chenye silabi zinazoishia kwa vokali na tahajia isiyomdanganya msomaji, kina akiba ya maneno ya herufi tano ambayo rubani wa Tokyo na mwongozaji wa Lima wangeyatamka karibu sawa: *imara*, *asali*, *upepo*, *amani*. Ni eneo la uundaji wa majina ambalo wanaisimu wa Afrika Mashariki hawajaliingia kwa wingi, na nchi zao ndizo zinazoomba majina ya nukta zilizo katika anga yao.